Thomu Si Saumu, na Jembe Si Aibu

INGIA katika duka lolote la mboga mjini Mombasa, uanzie Marikiti hadi Kongowea, uulizie thomu. Aghalabu utapewa kichwa kikubwa cheupe, kilichonyolewa mizizi kwa chini kama kidevu cha bwana harusi. Hiyo ni thomu ya Uchina. Nchi hiyo peke yake hulima kiasi cha robo tatu ya thomu yote ya dunia, na sisi Wakenya sehemu kubwa ya tunayoila hutoka huko, na nyingine huvuka mpaka kutoka Tanzania. Basi itazame vizuri pilau yako ya Ijumaa, ndugu msomaji. Mchele wa Pakistani, bizari ya Bara Hindi, thomu ya Uchina. Kilicho chetu hapo ni mbuzi na moto, na moto wenyewe siku hizi ni wa gesi iliyoletwa na meli.

Sisemi haya kwa kuwachukia Wachina wala Wahindi. Pwani yetu imeishi kwa biashara ya bahari tangu zamani, na mtu wa Mombasa akiona haya kula cha ng'ambo itabidi afe na njaa. Ninalosema ni kwamba thomu ni mmea mwepesi ambao mtu mwenye kipande cha ardhi na hewa ya baridi kidogo anaweza kuupanda nyuma ya jiko lake, na watu wetu waliohamia bara wanavyo vyote viwili, wala hawapandi. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Mji wa Kale, na kwa miaka kadhaa sasa makazi yangu ni Kinanie, katika eneo la Mavoko, Machakos, si mbali na Athi River, mji wa viwanda vya saruji. Huku wapwani tumo. Mtu hununua kiwanja, hujenga nyumba nzuri, kisha uwanja wote uliosalia huufunika kwa matofali ya saruji, toka lango hadi ukuta wa nyuma. Ukimwuliza kwa nini, hukwambia hataki matope. Halafu jioni humtuma mtoto dukani akanunue thomu ya shilingi kumi.

Kabla sijaingia shambani, yafaa tukubaliane juu ya jina. Sisi wa pwani, Mvita na Unguja pia, husema thomu, na neno hili ni la Kiarabu, thum. Vitabuni na mashuleni jina lililozoeleka ni kitunguu saumu. Sasa saumu tuijuayo sisi ni ile ya mwezi wa Ramadhani, nayo hutokana na neno jingine kabisa la Kiarabu, sawm. Maneno haya mawili hayana udugu. Lililoyakutanisha ni ulimi wa mtu asiyezoea kutamka th, ambaye hugeuza th kuwa s, kama yule anayekusudia kusema kitanda kina thamani akasema kina samani. Jirani yangu hapa Kinanie, mama wa Kikamba, mtu mwema sana, alinijia mlangoni mchana mmoja wa Ramadhani akaniuliza, "Baba Amina, una saumu?" Nikamjibu, "Ninayo mama, tangu alfajiri." Akangoja nimletee. Tulicheka sana tulipofahamiana, naye akaondoka na vichwa viwili.

Sitaki kulipeleka jambo hili mahakamani. Lugha ni ya wengi, na waliolizoea saumu ni wengi kuliko sisi. Lakini mwanangu nyumbani atasema thomu, kwa sababu neno likiachwa nyumbani halitaokotwa na mtu mwingine. Na la ajabu zaidi kuliko hilo ni karafuu. Nimewahi kusoma maelezo ya kilimo, bila shaka yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza, yakimwagiza mkulima achukue kitunguu "akitenganishe karafuu zake". Mzanzibari akisoma hivyo atadhani ni mwujiza: kitunguu kilichozaa karafuu! Waingereza wana neno moja kwa vitu viwili. Karafuu ya Pemba wameiita kwa jina lililotokana na msumari, kwa Kifaransa, kwa vile inavyofanana nao. Na kile kipande cha thomu wamekiita kwa neno lao la kale lenye maana ya kupasua. Sisi tuna punje. Punje ya thomu, basi, na mfasiri asituletee makuu.

Haya, shamba. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba thomu haipandwi kwa mbegu. Ni mmea uliopoteza uzazi wake wa mbegu kwa kulelewa na mikono ya watu maelfu ya miaka; huzaa kwa punje zake tu, na kila punje ikipandwa huwa kichwa kizima kilicho pacha wa mama yake. Mafirauni waliila. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 vilikutwa humo vichwa vya thomu vilivyokauka. Ndiyo kusema punje unayoitwanga leo kinuni ni kipande cha mmea uliopokezanwa mkono kwa mkono, bila kukatika, tangu enzi za watu wa kale kabisa. Mimi hilo hunistaajabisha kila ninapoketi kumenya.

Jambo la pili ni baridi, na hapa ndipo wengi huanguka. Punje ya thomu haigawanyiki kuwa kichwa chenye punje nyingi mpaka ipate majuma kadhaa ya baridi. Isipopata, hutoa majani mazuri ya kupendeza, na chini huzaa donge moja la mviringo lisilo na punje. Tena ziko aina za thomu, hasa zile za nchi za mbali na ikweta, zilizozoea mchana mrefu wa kiangazi chao. Huku kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima, nazo hungoja mchana mrefu usiokuja. Jirani mmoja alipanda thomu kubwa ya dukani, ile nyeupe iliyonyolewa. Nyingine hata haikuota, maana thomu ya safari ndefu mara nyingi huwekwa kwenye baridi kali au kutiwa dawa ili isichipue. Na ile iliyoota ilimpa madonge. Akasema ardhi ya Kinanie ni mbovu. Ardhi haikuwa na kosa. Thomu ya kupanda huku ni ile ndogo yenye ngozi ya zambarau itokayo nyanda za juu za Tanzania, hasa upande wa Mbulu, au ya wakulima wa Meru na Nyeri. Haina umbo la kutamanisha, lakini imezoea jua letu, na ukali wake ukiutia katika mchuzi wa pweza utajua mwenyewe. Ukitaka kuisaidia, iweke chini ya friji, si kwenye barafu, kwa majuma matatu au manne kabla ya kupanda.

Kinanie ina baridi ya kutosha. Asiyejua na aje akeshe huku usiku mmoja wa mwezi wa Julai bila ya blanketi. Kwa hiyo hesabu ya miezi ni rahisi: panda mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, masika yakianza kupungua, ili mmea upate baridi ya Juni, Julai na Agosti, uvune Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli kuingia. Na hapo pana tofauti nyingine ya thomu na saumu. Saumu huzunguka mwaka mzima, kila mwaka ikirudi nyuma siku 10 au 11, ikaja wakati wa mvua au wa jua. Thomu haizunguki. Ukichelewa mpaka Agosti, umeikosa.

Udongo wa huku ni mweusi, wa mfinyanzi. Ukilowa, hushika kiatu ukabaki na soksi. Ukikauka, hupasuka nyufa za kuingia mkono mzima. Thomu haipendi lolote katika hayo mawili. Maji yakituama punje huoza, na udongo ukikauka ukawa jiwe kichwa hakina pa kutanukia. Dawa yake ni tuta. Inua tuta kiasi cha shibiri moja juu ya ardhi, changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa (samadi mbichi huunguza na kuleta magonjwa), na ukipata mchanga wa mtoni tia kidogo. Tenganisha punje siku ile ile ya kupanda, bila kuzimenya, uchague zile nene za ukingoni. Nyembamba za katikati zipeleke jikoni. Choma kishimo cha kina cha kiganja kasoro vidole viwili, sentimita 4 au 5, uiweke punje ncha juu na kitako chini. Ukiigeuza, itaota, lakini itapoteza nguvu kwa kujipinda. Kati ya punje na punje acha sentimita 15, na kati ya mstari na mstari 30. Kisha funika tuta kwa nyasi kavu, ambazo huzuia ule mpasuko wa udongo.

Tuta langu lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1 na robo hivi. Lina mistari 4 ya punje 20, jumla 80. Kwa thomu yenye punje kumi kumi, hivyo ni vichwa 8 tu vya mbegu. Hata panya na ugonjwa wakichukua haki yao, ukipata vichwa 65 una kimoja kwa kila juma la mwaka, ukabaki na 8 vya kupanda mwaka ujao na vichache vya kumpa jirani. Mahali palipotumika ni padogo kuliko pale unapoegeshea gari.

Maji ndiyo taabu ya Kinanie. Maji ya visima vya huku mengi yana chumvi, na jamii yote ya vitunguu huchukia chumvi. Mimi natumia ya mvua. Bati la nyumba lenye eneo la mita 60 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10 tu, humimina lita 600, na watu huziacha zikaenda barabarani. Tena yako maji ya udhu. Tumetengeneza mahali pa kutawadhia nje, na mfereji mdogo wa kupeleka maji yale tutani. Watu wa nyumba moja wakitawadha kwa Swala tano hupata ndoo kadhaa kwa siku. Sisi Mashafii maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu hatuyatumii tena kujitwaharisha, lakini ni safi, na mmea hauna udhu wa kubatilika. Mwagilia kwa kiasi, mara mbili kwa juma panapokuwa hakuna mvua, na majani ya chini yakianza kufanya manjano acha kabisa kwa majuma mawili au matatu. Halafu ng'oa kwa uma au jembe dogo, usivute kwa majani. Anika kivulini penye upepo, si juani. Baada ya hapo sukeni majani yake kama msuko wa nywele mkautundike jikoni.

Maadui ni wawili. Wako vidudu vidogo mno vinavyofyonza majani yakawa na mabaka ya rangi ya fedha. Hao huzidi wakati wa ukame, na maji ya sabuni ya kunyunyiza huwapunguza. Na uko ukungu mweupe unaoozesha kitako cha mmea. Huo ukiingia katika udongo hukaa hata miaka 20, kwa hiyo usipande punje yenye doa, wala usirudie tuta lile lile kila mwaka.

Sasa tuingie katika jambo ambalo najua wasomaji wengine wamekuwa wakilingojea, nalo ni harufu. Thomu imo katika mazungumzo ya dini yetu tangu mwanzo. Katika Suratul Baqara, aya ya 61, Bani Israili walimwambia Nabii Musa kuwa wamechoka na chakula cha namna moja, wakataka mazao ya ardhi, na katika waliyoyataja kuna fum. Wafasiri wamehitilafiana: wako waliosema ni ngano, na wako waliosema ni thomu, na katika kisomo cha Ibn Masud neno lenyewe ni thum. Na Mtume (S.A.W.) amemkataza aliyekula thomu au kitunguu asiukaribie msikiti. Lakini hakuiharamisha. Alipokuwa mgeni kwa Abu Ayyub huko Madina alirudisha chakula kilichotiwa thomu, na alipoulizwa kama ni haramu alisema siyo, ila yeye hapendi harufu yake. Naye Sayyidna Umar aliwahimiza watu wanaotaka kuila waiue kwanza kwa kuipika.

Neno hilo la kuiua lina siri ambayo wataalamu waliigundua baadaye sana. Punje nzima haina harufu kubwa. Ndani yake vimo vitu viwili vilivyotengwa katika vyumba mbalimbali. Kisu au mchi ukivunja kuta zake, hukutana, na hapo hapo huzaliwa kitu cha tatu chenye ukali na harufu, ambacho Cavallito na Bailey wa Marekani walikitambua mwaka 1944 wakakiita alisini. Moto huua kimoja cha wale wazazi wawili, na mtoto hazaliwi. Kwa hiyo thomu ya pilau haimsumbui mtu katika safu. Wanaotusumbua ni wazee wenzangu wanaotafuna punje mbichi alfajiri kwa ajili ya presha, kisha wakaja kusimama safu ya kwanza, bega kwa bega na mtu aliyejitia udi. Kula kwako ni halali, lakini punje hiyo ile baada ya Isha. Na kidonge cha daktari usikiache kwa sababu ya thomu. Tena kama unatumia dawa za kupunguza damu kuganda mwambie daktari kwamba unaila kwa wingi, maana nayo ina nguvu hiyo.

Lakini kikwazo kikubwa si udongo, wala maji, wala harufu. Ni fikira. Nimeambiwa na watu wangu mwenyewe, kwa dhihaka ya mapenzi, "Wewe umekwenda bara umekuwa mtu wa jembe!" Kana kwamba jembe ni ugonjwa unaoambukizwa ng'ambo ya Mto Athi. Wengine husema kilimo si asili ya Mswahili. Hii si kweli. Watu wa Mombasa walikuwa na mashamba yao Kisauni, Likoni na Changamwe. Watu wa Lamu walivuka kwa majahazi kwenda kulima bara. Na Malindi katika karne ya 19 ilitoa nafaka iliyopakiwa majahazini hadi Arabuni.

Tatizo ni nani aliyeshika jembe. Tusifiche: mashamba yale ya Malindi yalilimwa kwa jasho la watumwa. Mwenye shamba alikuwa na jina la shamba, na mtumwa alikuwa na shamba lenyewe mgongoni. Sheria ilipoufuta utumwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi yalirudi mwitu, kwa kuwa wenyewe hawakuwa tayari kuinama. Kilichobaki ni dharau. Mpaka leo, mtu wetu akiona mwenzake ana udongo kwenye kucha, kuna kitu cha kale kinachomnong'oneza kwamba huyu ameshuka. Mimi naona dharau hii ndiyo urithi mbaya kuliko wote tulioachiwa, na imetugharimu ardhi nyingi. Mtu asiyejua kuitumia ardhi huiuza kwa urahisi, kisha hulalamika kuwa wageni wamemaliza pwani. Na dini haikutufundisha hivyo. Mtume amesema kwamba Mwislamu akipanda mmea, akila katika mmea huo ndege au mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake. Hakumbagua mtu wa mjini.

Nisieleweke vibaya kwamba nawaita watu kwenye utajiri. Wapo wanaopita wakihubiri kuwa ekari moja ya thomu itakupa mamilioni, na mara nyingi anayehubiri ndiye anayeuza mbegu. Tuliyaona hayo kwa kware mwaka 2013 na 2014, kila mtu akifuga, mayai yakiuzwa bei ya dawa, halafu soko likaanguka ghafla na ndege wakabaki wanawatazama wenyewe. Mkulima wa thomu ya kuuza hushindana na Uchina yenyewe, na bei haiko mikononi mwake. Ninayoisema ni thomu ya nyumba. Faida yake kwa mwaka haifiki kununua kanzu ya Idi. Lakini binti yangu anajua kuwa thomu hutoka ardhini, anajua mwezi wake, na akiletewa kichwa kilichooza ndani anajua kwa nini.

Msomaji wa Mombasa atasema, mimi niko Kibokoni, sina kiwanja wala baridi, nifanye nini? Kichwa hutapata, hilo nakwambia wazi, kwa joto la pwani hata ukiichezea na friji. Lakini majani yake utapata. Chukua makopo matatu ya samli, uyatoboe chini ili maji yasituame, uyatie udongo wenye samadi, upande punje sita sita zikaribiane, uyaweke darini penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Baada ya majuma matatu hivi majani yatafika shibiri. Kata kwa mkasi ukiacha vidole viwili, yataota tena mara moja au mbili kabla punje haijachoka. Yana ladha ya thomu bila ya ukali wake, na jirani zetu Wahindi huyapika tangu zamani. Mimi nayapenda yakikatwakatwa ndani ya mayai, au juu ya mbaazi za nazi wakati chungu kinapoteremshwa motoni.